Mafunzo Niliyopata kwa Kukata Ioni Ovyo

Leo nafundisha kemia, ila haya sikuyapata nikiwa na chaki mkononi. Niliyapata nikiwa kidato cha tatu, karatasi yangu ya jaribio iliporudi imejaa wino mwekundu. Milinganyo ya ioni niliiona kama mchezo wa kukata vinavyofanana kushoto na kulia, basi. Nilikuwa mkataji hodari.

1. Itazame neli kabla ya kushika kalamu

Swali lilihusu vipande vya marumaru ndani ya asidi ya hidrokloriki. Nikavunja kila kitu kuwa ioni, nikakata, nikabaki na hiki:

CO₃²⁻ + 2H⁺ → CO₂ + H₂O

Atomi sawa, chaji sawa, alama sifuri. Nilipolalamika, mwalimu hakubishana. Alinipa neli ya majaribio niishike. Marumaru imekaa kitako chini, inatoa mapovu. "Hiyo imeyeyuka saa ngapi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Mlinganyo sahihi ni huu:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + CO₂ + H₂O

Yabisi usiivunje, gesi usiivunje, maji usiyavunje. Unavunja kwenye karatasi kile tu ambacho maji yamekwisha kukivunja.

2. Jedwali la umumunyikaji halina njia ya mkato

Likariri. Anza na wasiokuangusha: chumvi za sodiamu, potasiamu, amoniamu na nitrati zote humumunyuka. Kisha wakorofi: kloridi ya fedha, salfeti ya bariamu, na risasi, ambayo ina ukorofi kwa kloridi na kwa salfeti pia.

3. Msindikizaji hajafanya kazi

Dondoshea nitrati ya fedha kwenye maji ya chumvi ya mezani. Vimiminika viwili visivyo na rangi, kama maji ya kunywa, mara neli inakuwa kama imemiminiwa tui.

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Sodiamu na nitrati zilikuwa zinaogelea kabla, na bado zinaogelea. Vitabu huziita ioni tazamaji. Wanafunzi wangu huziita wasindikizaji, kama zile timu zinazoingia ligi kusindikiza wengine, nami nimewaachia jina lao.

Kwa muda mrefu nilidhani kuwaondoa ni utaratibu wa mtihani tu. Kilichonibadilisha ni joto. Changanya asidi ya hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu, zote hafifu, upime joto linalotoka: takribani kilojuli 57 kwa kila moli ya maji inayoundwa. Badilisha, tumia asidi ya nitriki na hidroksidi ya potasiamu: yale yale, takribani 57. Majina yamebadilika yote, joto limegoma kubadilika, kwa sababu kazi ni ile ile moja:

H⁺ + OH⁻ → H₂O

Siku hiyo ndipo nilipoacha kukata na kuanza kusoma.

4. Siki si asidi ya betri

Asidi ya siki ni dhaifu. Kwenye siki ya dukani, katika kila molekuli 100 za asidi hiyo haivunjiki hata moja nzima. Kwa hiyo inaandikwa ilivyo:

CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O

Hapa hata wanafunzi wazuri huteleza, maana neno "asidi" linawafanya waandike H⁺ bila kufikiri.

5. Atomi zikilingana, bado hesabu chaji

Tumbukiza waya wa shaba kwenye nitrati ya fedha. Sindano za fedha zinaota juu ya waya, na maji yanaanza kuingia rangi ya mrututu. Wengi huandika Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag, wakaridhika. Kushoto chaji moja, kulia mbili. Shaba inatoa elektroni mbili, kila fedha inapokea moja:

Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag

6. Wakati mwingine hakuna wa kukatwa

Hidroksidi ya bariamu na asidi ya salfuriki zinapokutana, kila ioni inashika kazi:

Ba²⁺ + 2OH⁻ + 2H⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄ + 2H₂O

Ukiweka waya mbili za umeme zilizounganishwa na taa ndogo ndani ya hidroksidi hiyo, taa inawaka. Dondoshea asidi taratibu: mwanga unafifia, na vipimo vinapolingana taa inazimika. Ongeza matone machache ya asidi, inawaka tena.