Kituo ambacho mama hataona haya kuingia

Swali: Kikundi chetu hapa Mwanza kimepewa jengo la zamani, tulifanye kituo cha watoto walio katika mazingira magumu na familia zao. Fedha ni kidogo. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni mlangoni. Msiandike "mazingira magumu" kwenye kibao, maana kila atakayeingia atakuwa ametangazwa mtaa mzima. Kiiteni kituo cha familia, na mtoto yeyote aje kucheza. Mbele jengeni baraza pana lenye kivuli na mabenchi. Mama mwenye jambo zito haendi ofisini moja kwa moja. Hukaa kwanza, akatazama, akazoea sura za watu. Kwa maoni yangu, baraza hilo lina thamani kubwa kuliko ukumbi wowote wa mikutano.

Ndani tengeni chumba kidogo cha mazungumzo. Sauti isitoke nje, lakini mlango uwe na kioo, ili mtu mzima asijifungie na mtoto mahali pasipoonekana. Vyoo vya watoto viwe karibu na wanapochezea, si nyuma ya jengo. Njia ya kiti cha magurudumu ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu.

Mkitaka pia kulea watoto mchana, mwoneni kwanza afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inadai usajili. Na tafadhali, andikeni ukutani, usawa wa macho ya mtoto, namba 116: simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto.