Figo mpya, nyumba ile ile

Msomaji, upandikizaji wa figo si jambo geni tena hapa nchini. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta imekuwa ikiufanya tangu miaka ya 1980, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ikafuata mwaka wa 2006. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache tu. Kazi ngumu huanza siku mgonjwa anapopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na ikiwa nyumbani ni Laini Saba au Gatina, kuna maswali ambayo ni lazima yaulizwe kabla hajafungasha nguo zake.

Kwanza tufahamu mwili unavyofanya kazi. Kinga ya mwili hushambulia kila kitu kigeni, na figo ya ndugu yako, hata mkifanana sura, ni kitu kigeni. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa ufanisi, mjini Boston, Marekani, mwaka wa 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana, ndiyo sababu haikukataliwa. Sisi tusio na pacha wa aina hiyo hutegemea dawa za kutuliza kinga, kama vile takrolimasi au saiklosporini, pamoja na prednisoloni. Dawa hizi humezwa maadamu figo ile inafanya kazi. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Kinga ikitulizwa, figo husalimika, lakini viini vya maradhi navyo hupata mlango.

Kwa hivyo swali la kwanza ni maji. Mgonjwa wa figo mpya mara nyingi huagizwa kunywa lita 2 au 3 kwa siku. Katika sehemu nyingi za Kibera na Kawangware maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mfereji wa plastiki unaoyaleta huenda umepita ndani ya mtaro wa majitaka. Dawa ya klorini ni nzuri, lakini kuna vijidudu vya kuhara ambavyo haiviui, na kwa mtu huyu kuhara si jambo dogo: humkausha maji, huiumiza figo na huvuruga kiwango cha dawa katika damu. Maji yake yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, kisha yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Hapo utauliza, makaa au gesi ni ya nani? Ndiyo, gharama hiyo ni sehemu ya matibabu, nayo ihesabiwe mapema.

Anayekunywa lita 3 atakwenda haja mara nyingi, hata usiku wa manane. Ikiwa choo kiko mbali, hulipiwa kila unapoingia, na hufungwa usiku, mgonjwa atafanya lile ambalo wewe nami tungelifanya: ataacha kunywa maji kuanzia alasiri. Akija kliniki damu itaonyesha kreatinini imepanda, na daktari ataanza kushuku kwamba mwili unaikataa figo. Kumbe shida ni choo! Naamini swali hili lina uzito sawa na vipimo vingi vya maabara, ila huulizwa mara chache kwa sababu hakuna fomu yenye nafasi yake. Ndoo yenye kifuniko, ya kutumiwa usiku na mgonjwa peke yake, huitatua shida hiyo kwa bei ndogo.

La pili ni wanaolala chumba kimoja naye. Kifua kikuu kingali tele katika mitaa yetu ya mabanda, ambako watu watano au sita huvuta hewa ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Yeyote nyumbani anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili apimwe, ikiwezekana kabla ya upasuaji. Mgonjwa mwenyewe akipata kifua kikuu atatibiwa, lakini rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, hulifanya ini kuiondoa takrolimasi mwilini upesi sana, na figo inaweza kupotea. Matibabu hayo yasianzishwe kabla ya daktari wake wa figo kuarifiwa.

Nalo duka la dawa lililo karibu na steji je? Hapo ndipo wengi wetu hutibiwa kwanza, nami simlaumu mtu kwa hilo. Lakini vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huiumiza figo, na viuavijasumu kama erithromaisini huipandisha takrolimasi hadi kuwa sumu. Dawa za mitishamba nazo haziaminiki kwake, kwani kilichomo hakijulikani. Barua ya hospitali yenye orodha ya dawa zake iwekwe katika mfuko wa plastiki, na ionyeshwe popote anapotaka kununua hata kidonge kimoja. Chanjo hai, kama ile ya homa ya manjano, asidungwe. Akisafiri kwenda mazishini Busia au Siaya, aulize kwanza kuhusu kinga ya malaria.

Joto la mwili likifika nyuzi 38, asingoje asubuhi. Prednisoloni huificha homa, hivyo hata joto dogo huweza kuwa dalili ya jambo kubwa. Hali kadhalika mkojo ukipungua, miguu ikivimba, au akisikia maumivu chini ya tumbo mahali figo mpya ilipowekwa. Hata hivyo wakati mwingine figo hukataliwa bila dalili yoyote, na kipimo cha damu ndicho husema. Siku ya kipimo cha takrolimasi, asimeze dozi ya asubuhi kabla hajatolewa damu, aibebe mfukoni. Wengi huimeza alfajiri kabla ya kupanda matatu ya 46, na kipimo hicho huwa hakina maana tena.

Kuhusu fedha, uliza kabla ya upasuaji wala si baada yake. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Ofisini mwao na kwa mhudumu wa jamii wa hospitali, msiulize tu kuhusu malipo ya upasuaji. Ulizeni nani atalipia dawa za kila mwezi, na vipimo vya damu, mwaka wa pili na wa tatu. Kuruka dozi kwa sababu ya ukosefu wa pesa ni njia ya hakika ya kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Amebaki mtu mmoja ambaye husahauliwa: aliyetoa figo. Mara nyingi ni ndugu wa damu, na huenda analala chumba hicho hicho. Kama ni kibarua wa kubeba mizigo, hataweza kuinua vitu vizito kwa majuma kadhaa, na unga wa nyumba huenda ulitoka mfukoni mwake. Baadaye anahitaji kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila mwaka, maisha yake yote, naye pia ajiepushe na ibuprofeni na diklofenaki. Miadi yake iandikwe kwenye kadi yake mwenyewe, si nyuma ya kadi ya mgonjwa.