Nataka kuwa kocha: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wenzangu hunijia kila mara kuomba ushauri, nami nafikiria kusomea ukocha wa maisha na kazi. Safari yake ikoje, na itanibadilisha mimi mwenyewe?

JIBU: Mwalimu, kwanza itakubidi uache kushauri. Mwenzako akisema, "Nataka kuacha kazi," mshauri hurukia: "Na kodi utalipa na nini?" Kocha hunyamaza kidogo, kisha huuliza: "Ukiiacha, unaelekea wapi?" Kimya hicho ndicho kigumu kuliko yote, hasa kwetu tuliozoea chaki.

Cheti kinachotambulika zaidi ni cha shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995. Ngazi ya kwanza, ACC, hudai saa 60 za mafunzo, saa 100 za kukochi watu, saa 10 chini ya kocha mlezi, kisha mtihani. Ngazi ya pili, PCC, hudai saa 125 za mafunzo na 500 za kukochi.

Kubadilika utabadilika. Katika darasa la ukocha, mara nyingi mnakaa watatu watatu: mmoja kocha, mmoja mteja, mmoja mtazamaji. Zamu ya mteja ikikufikia, unaleta jambo lako la kweli, nawe unajisikia ukijibu swali ulilolikwepa miaka.

Kumbuka mpaka: mwenye msongo mzito au jeraha la moyo mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kocha si tabibu.

Anza wiki hii: msikilize mtu mmoja dakika kumi bila kumpa jibu.