Kutoka Kisumu Ndogo hadi Kisumu: Jinsi ya Kupanga Ziara ya Chama

Ndugu msomaji, ukisimama pale relini juu ya Lindi utaona treni za mizigo zikipita polepole kati ya vibanda, na watu wakikusanya bidhaa zao kuzipisha. Nimekulia karibu na reli hiyo. Nilikuwa Kidato cha Tatu nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: hivi hii reli inaishia wapi? Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alinijibu kwa kifupi: "Ifuate. Itakufikisha ziwani."

Hivyo ndivyo wazo la ziara ya Kisumu lilivyoanza, Januari 2025. Nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya ziara kwa sababu nilisifika kwa hesabu. Katika makala haya nitaeleza hatua za kupanga ziara ya watu wengi, ili chama kitakachotufuata kisirudie makosa yetu. Mengi ya makosa hayo yalikuwa yangu mimi, na sitayaficha.

HATUA YA KWANZA: JUA UNAENDA WAPI NA KWA NINI

Ziara si matembezi. Kamati iliagizwa kwanza isome kuhusu Kisumu kabla ya kutaja pesa yoyote. Tuliyoyapata ni haya.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa ziwa. Msumari wa mwisho uligongwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima yake. Baadaye jina la wenyeji, Kisumu, ndilo lililodumu. Wazee husema lilitokana na neno la Kijaluo lenye maana ya mahali pa kubadilishana chakula. Mwaka 2001, miaka mia moja baada ya reli kufika, Kisumu ulipewa hadhi ya jiji.

Ziwa lenyewe ni kubwa kupita yote barani Afrika, na ni la pili duniani kwa upana kati ya maziwa ya maji baridi, likitanguliwa na Ziwa Superior la Amerika Kaskazini. Upana wake ni kama kilomita mraba 68,800. Hata hivyo Kenya ina kiasi cha asilimia 6 tu. Sehemu nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Mwanachama mmoja alisema Kisumu ni kama Chicago, jiji la Marekani lililo kando ya Ziwa Michigan, kwani miji yote miwili ilikuzwa na reli na bandari. Tulicheka, lakini hakukosea.

Kutokana na usomaji huo tuliandika malengo matatu: kuona mwisho wa reli na bandari, kuzuru Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na yenye boma la Kijaluo, na kukusanya msamiati wa uvuvi huko ufuoni Dunga. Bila malengo, kila mtu atataka kwenda anakotaka yeye.

HATUA YA PILI: PIMA MUDA KABLA YA PESA

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupanga siku mbili. Mwalimu alituuliza: "Nairobi hadi Kisumu ni kilomita ngapi?" Tukamjibu kwamba kwa barabara ni kama 350. "Basi la shule haliendi mbio, na wanafunzi hawasafiri usiku. Sasa mtaona nini?"

Tukapiga hesabu. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukapumzika Nakuru, ukapanda kupitia Kericho kwenye mashamba ya chai kisha ukateremka ziwani, unafika yapata saa nane mchana. Kesho yake, ili urudi kabla ya giza, ni lazima uondoke asubuhi. Kumbe tungesafiri siku mbili ili tuone Kisumu dirishani! Tukabadilisha zikawa siku tatu na malazi ya siku mbili.

Wengine waliuliza kwa nini tusipande treni, maana treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilirejeshwa Desemba 2021. Jawabu ni kwamba iliporejeshwa ilikuwa ikisafiri usiku, na usiku si saa ya kusafirisha watoto wa watu.

Tulilazimika pia kuacha jambo moja. Wengi walitamani kuliona jiwe la Kit Mikayi, lililo njia ya kwenda Bondo, ambalo jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Lakini muda haukutosha. Ratiba nzuri inataka mtu mwenye ujasiri wa kufuta.

HATUA YA TATU: BAJETI, NA HAPA NDIPO NILIPOTELEZA

Hii ndiyo bajeti yangu ya kwanza kwa wanachama 40, walimu 2 na dereva, jumla watu 43:

Kukodi basi pamoja na mafuta: sh. 60,000
Malazi katika bweni la shule: sh. 8,600
Chakula: sh. 30,100
Jumla: sh. 98,700

Nikagawanya kwa 40, nikatangaza kwa madaha kwamba kila mmoja atatoa sh. 2,470. Mwalimu akaitazama karatasi, akaniuliza maswali manne tu. Tutaingia makumbusho bure? Mashua ya Dunga ni ya baba yako? Dereva atalala na kula kwa pesa ya nani? Mtu akiugua njiani tufanyeje?

Nilirudi kuketi. Viingilio sh. 8,000, mashua sh. 6,000, posho ya dereva sh. 3,000, maji na dawa za huduma ya kwanza sh. 2,400. Jumla ikawa sh. 118,100. Tena mwalimu akasema bajeti isiyo na akiba ni kama paa lisilo na misumari, tukaongeza asilimia 10. Ikafika sh. 129,910, yaani karibu sh. 3,250 kwa kila mwanachama.

Ilinibidi nisimame tena mbele ya wenzangu niombe sh. 780 zaidi. Wiki hiyo wanachama 11 walijitoa. Wengine walisema wana kazi nyumbani, wengine wana jamaa mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyesema hana pesa.

Mimi nilijisemea, wasiotaka waachwe, sisi 29 twende. Lakini tazama hesabu hii, ndugu msomaji. Kuna gharama inayopungua watu wakipungua, kama chakula na viingilio. Na kuna gharama isiyobadilika: basi ni sh. 60,000 hata likibeba watu wawili. Tukiwa 40, kila mmoja analipa sh. 1,500 za basi. Tukiwa 29, kila mmoja analipa karibu sh. 2,069. Mwenzako akiachwa nyuma, mzigo wake unaubeba wewe. Katika ziara ya kundi, kumshika mkono mnyonge si sadaka peke yake, ni hesabu pia.

HATUA YA NNE: MICHANGO BILA KUAIBISHANA

Hapa ndipo palipo na jambo linaloniuma hata sasa. Kabla ya hao 11 kujitoa, nilizoea kusoma majina ya wenye madeni mkutanoni kila Ijumaa. Nilidhani ndiyo uwazi. Mwenzetu mmoja wa kike, anayekaa Kisumu Ndogo, nilimsoma mara tatu mfululizo. Ijumaa ya nne hakuja. Alikuwa ndiye mghani wetu bora wa mashairi.

Mwalimu akaniambia: "Uliyemtoa, mrudishe." Nikaenda kwao jioni. Nilimkuta mama yake kando ya njia akiuza omena kwa kopo. Nikamwamkia, nikamweleza nimetumwa na chama. Akanisikiliza huku akimpimia mteja.

"Mwanangu," akasema, "aliniambia safari ilifutwa. Kumbe iko?" Nikanyamaza. Akaendelea: "Hii omena inatoka huko kila wiki. Imemlisha, imemsomesha. Yeye mwenyewe hilo ziwa hajaliona. Wewe ndiye unayesomaga majina?"

Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Nikamwomba radhi yeye, kisha nikamwomba radhi binti yake mbele yake. Halikuwa jambo rahisi. Kesho yake nikaomba radhi mkutanoni pia, maana nilikosea hadharani.

Tangu hapo tulibadilisha utaratibu, nami nashauri kila chama kifanye hivi:

1. Kila mwanachama awe na kadi yake ya michango. Anaiona yeye, mweka hazina na mwalimu mlezi, basi.
2. Mchango ukatwe vipande vidogo. Sisi tulikubaliana sh. 1,500 kwa kila mtu, sh. 100 kwa wiki kwa wiki 15. Haba na haba hujaza kibaba.
3. Asiyeweza hata hizo aruhusiwe kufidia kwa kazi, tena kazi hiyo ifanywe na wote, ili isijulikane nani anafanya kwa kukosa.
4. Kinachosomwa mkutanoni ni jumla ya pesa, si majina.

Tulipunguza gharama pia. Badala ya kununua chakula mahotelini, wazazi walichanga unga, mchele na maharagwe, tukabeba sufuria tukapika wenyewe. Chakula kikashuka hadi sh. 15,000. Bajeti mpya ikawa sh. 103,000, na akiba yake sh. 10,300, jumla sh. 113,300. Michango yetu ilileta sh. 60,000. Zilizobaki sh. 53,300 zilipatikana hivi: kuuza mandazi na chai siku za wazazi sh. 21,900, shule sh. 15,000, kughani mashairi kwenye sherehe mbili mtaani sh. 12,000, na chupa za plastiki tulizookota na kuuza kwa kilo sh. 4,400. Wote 11 walirudi.

HATUA YA TANO: BARUA NA USALAMA

Barua zetu zilikuwa nne: kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, kwa wazazi pamoja na fomu ya kutia sahihi, kwa makumbusho kuwaarifu siku na idadi yetu, na kwa shule iliyotulaza. Andika mapema, na upeleke nakala ya kubaki nayo. Tuliwagawa wanachama katika makundi manane ya watu watano, kila kundi na kiongozi wake. Kabla basi halijang'oa nanga, kiongozi anahesabu watano wake. Ni rahisi kuhesabu watano mara nane kuliko kuhesabu arobaini mara moja.

Akiba yetu ilifanya kazi huko Dunga. Mashua tuliyopatana ilikuwa na jaketi za kuokolea maisha chache kuliko watu. Vijana wengine wakasema, "Si tubebane tu, ni karibu!" Mwalimu akakataa katakata. Tukatoa sh. 3,000 za akiba, tukakodi mashua ya pili. Maji hayana udugu. Sh. 7,300 zilizosalia zimewekwa kwa ajili ya ziara ijayo.

TULIYOJIFUNZA ZIWANI

Tulisafiri likizo ya Agosti. Pale ufuoni, mwalimu wetu wa msamiati alikuwa yule mwenzetu wa Kisumu Ndogo. Aliwaamkia akina mama wauza samaki kwa Kijaluo, wakamfungulia vikapu. Yeye ndiye aliyetusaidia kuijaza orodha hii:

Omena: kwa Kiswahili sanifu ni dagaa.
Ngege: ni sato.
Mbuta: ni sangara, samaki mkubwa aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950.
Mafunjo: matete marefu ya ukingoni, yanayosukwa mikeka.
Gugumaji: mmea unaoelea, uliosambaa ziwani miaka ya 1990 na kuziba njia za mashua.

Mama yake alikuwa amempa pesa kidogo anunue omena ya kujaribu. Tuliporudi Kibera saa kumi jioni ya siku ya tatu, nilimsindikiza kubeba mfuko. Mama akachota kiganja, akaisugua, akainusa. "Imekauka vizuri," akasema. "Bei gani huko?" Binti akamtajia. Mama akanyamaza akipiga hesabu yake, kisha akaniuliza: "Mwaka ujao mnaenda tena?"

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya gharama isiyobadilika na gharama inayobadilika, kwa mfano wako mwenyewe.
2. Kwa bajeti ya sh. 113,300, kila mwanachama angelipa ngapi kama chama kisingefanya kazi yoyote ya kuchangisha?
3. Mwandishi alidhani kusoma majina ni uwazi. Je, uwazi na heshima vinaweza kwenda pamoja? Jadili.
4. Andika barua rasmi kwa makumbusho ukiomba nafasi ya kuzuru na wanachama 40.