SOMO LA ROBO HII: Benki Zikianguka, Nani Atoe Hesabu?



Tunawaomba msome kwanza Nehemia 5:1-13. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wanaowatoza riba ni wakuu wao wenyewe. Nehemia hakuwasema faraghani tu. Aliitisha mkutano mkubwa, akawakabili mbele ya watu, kisha akawaapisha. Andiko hilo tunalisoma pamoja na habari za Iceland, nchi ya Ulaya iliyokuwa na watu wapatao 320,000, wengi wao Walutheri kama sisi.

Oktoba 2008 benki zake tatu kubwa, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilianguka ndani ya juma moja hivi. Zilikuwa zimekopa nje na kukopesha mpaka ukubwa wake ukakaribia mara kumi ya pato la taifa la mwaka mzima. Serikali isingeweza kuziokoa hata ingetaka. Thamani ya fedha ilishuka, na waliokopa kwa fedha za kigeni wakaona madeni yao yakivimba. Wananchi walikusanyika mbele ya Bunge wakigonga masufuria, na Januari 2009 serikali ya Waziri Mkuu Geir Haarde ikajiuzulu.

Sehemu nyingi mambo yangeishia hapo, kana kwamba kuacha kiti ni sawa na kutoa hesabu. Kumbe Bunge lilikwisha kuunda tume Desemba 2008, nayo ikatoa taarifa ya juzuu tisa Aprili 2010. Tume iliona kwamba watu saba walizembea: Haarde na mawaziri wawili, magavana watatu wa Benki Kuu, na mkuu wa mamlaka ya kusimamia mabenki. Waigizaji waliisoma taarifa yote kwa sauti katika jumba la maigizo mjini Reykjavik, usiku na mchana. Jambo hili limetugusa sana, maana ripoti za kwetu mara nyingi hulala kabatini.

Yaliyofuata hayakuwa safi. Septemba 2010, kwa kura 33 dhidi ya 30, wabunge waliamua Haarde ashtakiwe. Mawaziri wengine watatu waliopendekezwa pamoja naye waliachwa, na wapo wabunge waliokubali kumshtaki yeye huku wakiwanusuru wa chama chao. Upendeleo wa namna hiyo tunaufahamu vizuri hata kwenye vikao vyetu.

Kesi ilikwenda kwenye mahakama maalum ya mawaziri iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1905, ambayo haikuwa imewahi kusikiliza kesi hata moja. Tarehe 23 Aprili 2012 ilimwachia makosa matatu, ikamtia hatiani kwa moja tu: hakuliita baraza la mawaziri kuijadili hatari ya mabenki, kama Katiba inavyoagiza. Hakupewa adhabu, na gharama za utetezi zililipwa na serikali. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba haki zake hazikuvunjwa.

Wengine waliiona hukumu hiyo kuwa kichekesho. Sisi hatuioni hivyo. Ni vigumu kuthibitisha kwamba mtu mmoja ndiye aliyeangusha uchumi, lakini kikao kisichofanyika huonekana, mradi sheria inakidai na mihtasari inatunzwa.

Hapa kwetu Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Kamati zijadili: katika kijiji au mtaa wenu ulikaa lini mara ya mwisho, na muhtasari wake uko kwa nani? Diwani au mbunge wenu alisomewa lini hesabu za miradi mbele ya watu? Na kamati yenyewe, je, washarika wameziona hesabu zenu za robo iliyopita? Majibu yafike ofisi ya miradi pamoja na taarifa zenu za robo.