SOMO LA WANACHAMA: DAFTARI LA KOMPYUTA, NANI ANAANDIKA NA NANI ANAFUTA?



Katika matawi yetu ya Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na kule Tororo pia, swali moja linarudi kila tukikutana. Kadi za karatasi zinaondolewa, masta roli inafungiwa kabatini, na majina yetu yanaingizwa katika kompyuta. Je, chama kiseme nini? Wapo wanaotaka tukatae moja kwa moja. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya wasomi, tuwaachie wenyewe. Sisi tunaona wote wawili wamekosea, na ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hifadhidata ni daftari. Karani wa shamba alikuwa na masta roli yake: mistari ya majina, safu za siku, na alama kwa kila aliyefika kazini. Hifadhidata ni masta roli nyingi zilizounganishwa: moja ya majina, moja ya siku za kazi, moja ya mishahara, moja ya makato ya NSSF, moja ya mikopo. Kinachoziunganisha ni namba ya mfanyakazi. Mpango huu wa majedwali ulielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, na hadi leo mifumo mingi ya mishahara inaufuata. Mafundi waliojenga juu ya wazo lake wana kanuni moja ambayo kila mmoja wetu anaweza kuishika: jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Jina lako likiandikwa katika vitabu vitatu, siku moja vitabu hivyo vitapingana, na atakayelala njaa si kitabu.

Wala kuandikwa si jambo geni kwetu. Wazee wa Kenya walivaa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alikibeba shingoni ndani ya kijaluba cha bati: jina lake, alama za vidole, waajiri aliowatumikia, mshahara aliolipwa. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakupata kazi kwingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922, na mwaka 1947 ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Angalieni ubaya ulikuwa wapi. Hata yale yaliyoandikwa kwa ukweli yalikuwa juu ya mfanyakazi, yakamfuata kila mahali, lakini yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kuyasahihisha. Kompyuta inaweza kuwa kipande kipya ikiwekwa vibaya, tena kipande ambacho hakionekani shingoni.

Sasa tuje kwenye mambo ya hapa kwetu mpakani.

Tuchukue mfano wa Opio na Odongo. Kila mtu wa huku anajua hayo ni majina ya mapacha, Opio akitangulia na Odongo akifuata. Wamezaliwa siku moja, baba mmoja, mama mmoja, kijiji kimoja, na pengine wameajiriwa siku moja kukata miwa. Fundi wa kompyuta aliyetoka mbali anaambiwa aondoe majina yaliyojirudia. Anaiamuru mashine itafute watu wenye tarehe moja ya kuzaliwa, jina moja la baba na kijiji kimoja. Mashine inamtolea Opio na Odongo, naye anamfuta mmoja. Mwisho wa mwezi Odongo anasimama dirishani na kuambiwa hayupo. Fundi hakukusudia uovu, lakini hakuuliza mtu wa hapa.

Ugeuze mfano huo. Mtu mmoja ameandikwa Opio upande wa Uganda na Opiyo upande wa Kenya, kwa kuwa makarani wa pande hizi mbili wana mazoea yao ya kuandika. Kitambulisho cha Kenya kina tarakimu tupu. Namba ya Ndaga Muntu ya Uganda ina herufi na tarakimu 14, nayo huanza na CM kwa mwanamume raia na CF kwa mwanamke. Programu iliyotengenezwa kukubali tarakimu tu itamkataa mfanyakazi wa upande wa pili, na karani aliyechoka ataandika sifuri nane ili shughuli iendelee. Kuanzia hapo makato ya huyo ndugu yanakwenda pasipojulikana. Kwa Uganda tunazungumza juu ya asilimia 5 ya mshahara wake na asilimia 10 ya mwajiri, kila mwezi. Sifuri nane tu, na uzee wa mtu umepotea.

Kwa hiyo namba ya mfanyakazi, ambayo mafundi huiita ufunguo, iwe ya kazini, ipewe mtu mmoja tu, isibadilike na isirithiwe na mtu mwingine. Namba ya kitambulisho iandikwe katika safu yake, yenye nafasi ya kutosha kwa herufi na tarakimu. Na jina la mtu liandikwe kama anavyoliandika mwenyewe.

Jambo la pili tunaliona zito kuliko yote. Ni safu inayoitwa tarehe ya kuanza kazi.

Vibarua wa miwa wanajua desturi hii: unafanya kazi wiki kadhaa, unaambiwa upumzike siku chache, halafu unaitwa tena. Katika baadhi ya mifumo, ukirudi, karani anakuandika upya. Unapata namba mpya na tarehe mpya. Mtu amekata miwa miaka sita, kompyuta inasema ana siku kumi na moja! Sasa soma sheria. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi 3 kwa jumla, ahesabiwe kuwa mwenye mkataba wa mshahara wa mwezi. Uganda, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyeajiriwa mfululizo kwa miezi 4 anastahili mkataba wa maandishi. Haki hizo zote mbili zinasimama juu ya safu moja ndogo katika hifadhidata. Anayeweza kuibadilisha tarehe ile anaweza kuifuta haki bila kumfukuza mtu yeyote.

Dawa yake si ngumu. Tarehe ya kwanza isifutwe kamwe. Kila mapumziko na kila kurudi kuandikwe kwenye mistari mingine chini ya namba ile ile, na mfumo uweke kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha, siku gani, saa ngapi, ilikuwa nini kabla na imekuwa nini baada. Mwajiri akisema programu haiwezi, aulizwe kama aliwahi kumwomba fundi. Programu nyingi za mishahara zinaweza.

Wanaodhani mashine haikosei, wasikilize habari ya Uingereza. Tangu mwaka 1999 Shirika la Posta la huko liliweka mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukaonyesha upungufu wa fedha katika vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo walilipa kutoka mifukoni mwao, wakauza nyumba, wakashtakiwa kwa wizi, wengine wakafungwa. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Waliolalamika waliambiwa, mmoja mmoja, kwamba wao tu ndio wenye matatizo. Zaidi ya hayo, shirika lilikana kwamba watu wa mbali waliweza kuingia na kubadilisha hesabu za kituo, kumbe waliweza. Ni pale 555 kati yao walipoungana wakiongozwa na Alan Bates ndipo mahakama ilipoamua, Desemba 2019, kwamba mfumo ule haukuwa wa kuaminika. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Miaka ishirini na tano! Aliyekuwa peke yake hakusikilizwa.

Basi mradi wa kompyuta kazini uendeshweje? Kazi ianze kabla ya kununua. Wawakilishi wa wafanyakazi waambiwe ni nini kinachoandikwa, kwa sababu gani, nani atakisoma, na kitatunzwa miaka mingapi. Hilo si ombi la ukaidi: mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 kuhusu habari za wafanyakazi unasema washauriwe mfumo unapoletwa au unapobadilishwa. Kisichohitajika kisiulizwe. Mkata miwa anahitaji kuandikwa jina, namba, siku na malipo. Kabila lake na dini yake vina kazi gani kwenye mizani ya miwa?

Halafu majaribio. Daftari la zamani na la kompyuta yaende sambamba angalau vipindi viwili vitatu vya mishahara, na tofauti zilinganishwe mbele ya watu wa pande zote. Katika majaribio hayo wawepo wenye mikono migumu. Mashine za alama za vidole hazisomi vyema vidole vilivyosuguliwa na panga na jembe, wala vilivyoliwa na saruji, na Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950. Ikiwa mashine imekataa kidole cha mtu, iwepo njia nyingine ya kumwandika asubuhi ile ile, siyo kumwambia arudi nyumbani.

Tusisahau somo la Huduma Namba upande wa Kenya. Wananchi waliandikishwa kwa mamilioni mwaka 2019. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema mpango hauwezi kuendelea mpaka kuwe na kanuni za kutosha za kulinda habari za watu, tena ikakataza kuchukua vinasaba na mahali pa makazi kwa vipimo vya setilaiti. Tarehe 14 Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa madhara hayakupimwa kwanza kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Ikiwa serikali ilisimamishwa kwa kuruka hatua, kiwanda nacho hakiwezi kusema hakina muda wa kupima.

Mfumo ukishaanza, yako mambo ya kila siku. Kila karani awe na neno lake la siri; ofisi inayotumia moja kwa watu watano haiwezi kumjua aliyebadilisha mshahara. Anayeingiza jina jipya asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Tanzania, Machi 2016, Rais Magufuli aliamuru wahesabiwe watumishi hewa, na ndani ya miezi michache majina zaidi ya 10,000 yakapatikana katika orodha ya mishahara ya serikali. Orodha ilikuwa kwenye kompyuta, lakini kompyuta haimjui mtu kwa sura. Nakala ya akiba itengenezwe kila siku na iwekwe jengo jingine, na mara moja moja ijaribiwe kurudishwa, kwa sababu nakala isiyofunguka ni sawa na kutokuwa nayo. Umeme wa huku mnaujua wenyewe.

Na kumbukumbu za aliyeacha kazi? Kenya sheria inamtaka mwajiri azitunze miaka mitano, na asipoweza kuonyesha maandishi ya ajira mahakamani, mzigo wa ushahidi ni wake. Lakini hata hivyo, kila mwanachama aweke hati yake ya mshahara nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, watu wa reli, bandari na posta walidai mafao yao miaka mingi. Wa Tanzania walifikia makubaliano na serikali yao mwaka 2005. Katika miaka kama hiyo karatasi iliyofichwa chini ya godoro ni mali.

Sheria za sasa zinatupa nguvu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, Kenya ina ile tuliyoitaja. Chini ya zote mbili unaweza kuuliza umeandikwa nini na kudai makosa yarekebishwe, na unaweza kupinga uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Habari zikivuja, Kenya mwenye daftari ana saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Uganda anatakiwa kuarifu mara moja.

Tumalizie na karani wa kompyuta, ambaye mara nyingi tunamtazama kama mtu wa ofisi tu. Naye ni mfanyakazi. Yeye ndiye anayeambiwa jioni, mlango ukiwa umefungwa, abadilishe tarehe za watu arobaini kabla mkaguzi hajafika. Akikataa peke yake atafukuzwa. Aombe agizo hilo kwa maandishi, aandike siku na saa, na amwarifu katibu wa tawi usiku ule ule. Nalo tawi limpokee kama linavyompokea aliyekatwa kidole na mashine.

Ya kujadiliana tawini: Katika kiwanda au shamba lenu, nani anaweza kubadilisha tarehe ya kuanza kazi, na je, badiliko lake linaonekana? Ni wanachama wangapi wamepata namba zaidi ya moja tangu waajiriwe? Mashine ya vidole inapogoma, mtu anaandikwa wapi? Majibu yaandikwe na katibu, pamoja na namba za wanachama waliopotezewa siku, na yaletwe kwenye mkutano ujao wa matawi ya mpakani. Wanaokuja waje na hati zao za mshahara, za zamani na za sasa.