Programu Kongwe za Vokoda

Swali: Natamani kuipa sauti ya mwimbaji wangu ule mlio wa kimashine wa nyimbo za zamani. Programu kongwe ya vokoda niipate wapi, na niitumieje?

Jibu: Vokoda, aliyoibuni Homer Dudley katika maabara za Bell huko Marekani miaka ya 1930, haikukusudiwa muziki, bali kupunguza mzigo wa maneno katika nyaya za simu. Kabla ya kutafuta programu kongwe za biti 32, ambazo kompyuta za Apple hazizikubali tangu toleo la mfumo endeshi liitwalo Catalina la mwaka 2019, anza na TAL-Vocoder, itolewayo bure na mtengenezaji wake, nayo huiga ala za mwanzo wa miaka ya 1980 kwa kuigawa sauti katika mafungu 11 ya masafa. Ingiza sauti ya mwimbaji upande mmoja, na upande wa pili mlio wa sintesaiza uliojaa masafa ya juu. Kwani mwimbaji hutoa matamshi, na ala ndiyo itoayo noti. Herufi s na sh zikififia, changanya kelele nyeupe kidogo katika mlio wa sintesaiza. Juu ya yote, mhimize mwimbaji atamke kwa ufasaha, maana matamshi hafifu hayatengenezwi na programu yoyote.